Leseni ilikwama Seneti: kwani jimbo moja mabunge mawili ya nini?

Ndugu zangu wa Minnesota, hamjambo. Jana baada ya ibada kijana mmoja kaniuliza kwa nini jimbo liwe na mabunge mawili, nikaona niandike hapa manake limetugusa sote.

Mnakumbuka leseni ya udereva kwa wahamiaji wasio na karatasi. 2019 bunge la Wawakilishi limeipitisha, kufika bunge la pili, Seneti, ikalala, huko wakati huo wengi walikuwa chama kingine. Shemeji yangu miaka yote hiyo anasimama kituoni saa kumi na moja alfajiri, Januari, kope zimeshika barafu, anaenda kuogesha wazee wa watu na gari limepaki nyumbani. Uchaguzi wa 2022 Seneti ikageuka, viti 34 kwa 33, gavana Walz akasaini Machi 2023, Oktoba sheria ikaanza. Kiti kimoja jamani!

Kenya Seneti inalinda kaunti 47, naelewa. Hapa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani 1964 mabunge yote mawili yanagawiwa kwa idadi ya watu, sasa tunawakilishwa mara mbili ya nini? Jimbo la Nebraska walipiga kura 1934 wakabaki na bunge moja, maseneta 49, na kila mswada wananchi wanasikilizwa.

*

Dada, pole kwa shemeji. Mimi nimekaa Omaha, hukohuko Nebraska, miaka sita. Ni kweli kule unajua nani wa kumfuata, na 2015 vijana wa DACA, wale walioletwa Marekani wakiwa watoto wakapewa ruhusa ya muda ya kukaa, walipata leseni, gavana kapiga kura ya turufu kuikataa, maseneta wakampiku 34 kwa 10. Ila usidhani hakuna breki, wachache wakigoma mjadala usifungwe, kuufunga zinatakiwa kura 33. Mimi bado nataka mawili, kesho wakitaka kuifuta hiyo leseni lazima wapite milango miwili.

*

Kaka, milango hiyo miwili mbona haikuzuia Juni 2025? MinnesotaCare, ile bima ya afya ya jimbo, ya watu wazima wasio na karatasi iliondolewa na mabunge yote mawili, yalibanana kwenye bajeti wakaelewana wakubwa wachache, sisi tumekuja kusikia imekwisha. Hapo ndipo roho inaniuma, kila upande unasema ni wale wengine.

Basi tusingoje. Kila wilaya ya Seneti hapa imekatwa mbili, A na B, kwa hiyo una seneta mmoja na mwakilishi mmoja, pigieni simu ofisi zote mbili, na mapema, manake ikifika Mei wanafunga. Asiyejua wilaya yake anione Jumapili, nitakuja na laptopu.