Kompyuta mpya haioni waifai wakati wa kuitayarisha

Mkaazi wa Langoni, Lamu:
Assalaam aleikum. Nimemnunulia binti yangu kompyuta mpakato mpya yenye Windows 11. Tumechagua nchi na lugha ya kibodi, lakini tulipofika ukurasa wa kuunganisha intaneti, orodha ya mitandao ni tupu kabisa na kitufe cha kuendelea hakibonyezeki, ilhali simu zetu, katika chumba hicho hicho, zinaishika waifai ya nyumbani bila taabu. Naomba msaada wenu, kwani masomo yake yanaanza Jumatatu.

Mwalimu, Mkomani:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nyumba zetu za mji wa kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, nazo hudhoofisha sana mawimbi, hasa ya gigahezi 5, yaani yale ya kasi zaidi yasiyopenya ukuta vizuri kama ya gigahezi 2.4. Ipelekeni kompyuta kando ya ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, mjaribu tena.

Fundi wa kompyuta, Malindi:
Kwa heshima, Mwalimu, ukuta ungezisumbua na simu zenyewe. Orodha iliyo tupu kabisa mara nyingi huashiria kwamba Windows haina draiva ya kadi ya waifai, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo, na kwa kuwa draiva yenyewe huletwa na intaneti, mtu hukwama mlangoni. Bwana, chukua simu ya Android, uiunganishe na kompyuta kwa kebo ya USB, kisha katika mipangilio ya simu uwashe kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itaichukulia kama mtandao wa waya, nawe utaendelea. Simu ibaki kwenye waifai ya nyumbani, usitumie bando, kwa sababu Windows hupakua masasisho mengi hatua hiyo. Mwishoni fungua Windows Update. Draiva isipokuja, itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli.

Mkaazi wa Langoni, Lamu:
Fundi, Mungu akulipe kheri. Kebo ya kwanza ilikuwa ya kuchaji tu, haipitishi data. Ya pili ilikubali papo hapo, na baada ya masasisho waifai yetu na za majirani zote zimejitokeza. Mwalimu naye hakukosea, maana kompyuta ikiingizwa chumba cha ndani hupoteza ule mtandao wa gigahezi 5 ikabaki na wa 2.4 peke yake, kwa hiyo meza ya kusomea tumeihamishia upande wa kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani ya nyumba, mkabala na ruta.