V-Strom 650 na mzigo wa safari: masanduku ya alumini, mabegi laini au boksi moja la nyuma?

Mkazi wa Njiro
Wakuu, salama? Nina Suzuki V-Strom 650. Injini haina neno, ila iko uchi: haina keria za pembeni wala boksi. Mwezi wa saba mimi na shemeji tunatoka Arusha, Makuyuni, Mto wa Mbu, tunakata kulia kupitia Engaruka mpaka Ngare Sero pale Ziwa Natron. Tukirudi tunaunganisha Moshi, Same, Korogwe hadi Tanga. Kipande cha kwanza ni mawe na vumbi, cha pili lami tupu, ndiyo maana nashindwa kuamua.

Ninachowaza: masanduku mawili ya alumini ya kutengenezewa na fundi hapa Unga Limited, au mabegi laini ya kutupia juu ya kiti, au boksi moja la plastiki la nyuma na mengine nifunge kwa mpira. Kipi ni kipi?

Halafu kuna vidonda vidogo. Shokapu ya mbele kulia imeanza kulowana mafuta. Pikipiki ikilala siku tatu, kuwaka ni kwa mbinde. Na nataka kufunga taa mbili za ziada pamoja na chaja ya simu kabla ya kuondoka.

Chalii wa Sakina
Oya mzazi, alumini hiyo wala usiulize mara mbili. Unafunga kufuli, unaingia hotelini kula nyama yako kwa amani, ukitoka vitu viko vilevile. Ukifika porini sanduku ni kiti, ni meza, ni ubao wa kukatia nyanya. Pikipiki ikianguka, sanduku linapokea kipigo, tangi linabaki salama. Likibonyea unaligonga kwa nyundo. Bati la milimita 2 lenye ripiti za karibu karibu, mpira kwenye mfuniko, mvua haiingii.

Dada wa Himo
Chalii, hayo yote ni kweli ukiwa kwenye lami. Tuzungumzie Engaruka sasa.

Ile njia ina sehemu za vumbi laini, majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, tairi la mbele linazama na usukani unakwenda unakotaka wenyewe. Dereva yeyote hapo anashusha mguu kujishikilia. Mguu umetua, pikipiki bado inakwenda mbele, na kinachofuata nyuma ya mguu wako ni kona ya sanduku la alumini. Linakukamata kwenye kigimbi na kuuvuta mguu chini yake. Watu wanavunjika miguu hivyo, tena kwenye mwendo wa kutembea. Begi laini likikugusa linabonyea tu.

Na uzito je? Masanduku mawili matupu pamoja na keria yake hayapungui kilo 15. Hujaweka hata soksi.

Begi laini lina aibu zake pia, sikatai. Halifungiki kwa kufuli la maana, kisu kinaliingia. Na V-Strom ekzosi yake iko juu upande wa kulia, begi likilalia pale utanusa plastiki kabla hujafika Kisongo. Lazima kuwe na keria nyembamba au kinga ya bati ya kulisukuma nje. Nguo tia kwanza kwenye mfuko usioingiza maji, begi liwe la kubebea tu.

Mzee wa Gia
Vijana, mnapigana kana kwamba chaguo la tatu halipo. Boksi la nyuma ndilo rahisi kuliko yote na kwa safari ya Tanga peke yake ningekwambia ulifunge na uondoke. Kofia inaingia, koti la mvua linaingia, na kwenye foleni ya Kilombero unapita kati ya bajaji bila kukwaruza mtu.

Tatizo ni watu wanalijaza kama ghala. Geuza kile kibao cha kulifungia, soma kilichoandikwa: vingi havizidi kilo 10, na vingine ni chini ya hapo. Mzigo ule uko nyuma ya ekseli na uko juu. Ukiuzidisha, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na ukifika tambarare ya Mwanga na Same upepo unakupiga ubavuni huku malori yanakupita, usukani unaanza kutikisika mikononi. Vitu vizito viwe chini na karibu na kiti. Sheria hiyo haina chama.

Fundi wa Pasua
Habari zenu wadau. Mimi nitasema ya spana, ya kuchagua nawaachia.

Chochote utakachochagua, keria ndiyo kazi yenyewe. Sanduku zuri kwenye keria mbovu ni takataka. V-Strom fremu kubwa ni alumini, ila kipande cha nyuma kinachobeba kiti ni chuma. Usikubali mtu akuchomelee keria moja kwa moja kwenye fremu, hata kama ni chuma. Pale alipochoma panakuwa pagumu na pakavu, na ufa utaanzia hapo hapo. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo: la nyuma ya kiti na lile la kikanyagio cha abiria. Bomba la milimita 18 ndilo wanalotumia watengenezaji wengi wa keria za pembeni.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi wa kuchomelea wanakisahau. Keria ya kulia na ya kushoto lazima ziunganishwe kwa bomba linalopita nyuma, chini ya namba. Bila hilo bomba kila upande unacheza kivyake, na barabara yenye mikunjo kama bati la nyumba inazivunja masikio ya bolti ndani ya siku moja. Nikiletewa keria iliyokatika, kitu cha kwanza naangalia ni hilo bomba. Mara nyingi halipo.

Nati ziwe zile zenye plastiki ndani, bolti zinazoingia kwenye fremu zipake gundi ya nati, wosha ziwe pana. Ukishapita kipande cha kwanza kibaya, simama ukaze tena. Na ikiwa kuna kuchomelea kokote kwa umeme pikipiki ikiwa imeunganishwa, toa ethi (waya hasi) ya betri kwanza na uchomoe soketi ya kompyuta yake.

Chalii wa Sakina
Fundi na hizo taa? Mimi zangu nimezidokoa tu kwenye waya wa hedilaiti, zinawaka fresh.

Fundi wa Pasua
Zinawaka, ndiyo. Siku moja gusa kwa kidole soketi ya swichi yako baada ya safari ya usiku uone joto lake. Ile swichi ilitengenezwa kubeba taa zake, haikujua kama utaleta wageni.

Tumia rilei ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mguu 30 unapokea moto kutoka betri kwa waya mnene, ukipitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, maana kinacholindwa ni waya. Mguu 87 unakwenda kwenye taa. Mguu 85 ni ethi. Mguu 86 unachukua moto kidogo kutoka waya wa taa ya nyuma, ule unaopata umeme ufunguo ukiwashwa, ukipitia swichi yako ndogo ya kwenye usukani. Ukizima ufunguo kila kitu kinakufa, husahau taa.

Hesabu ya fyuzi si ya kubahatisha. Taa mbili za wati 20 ni wati 40, gawanya kwa volti 12 ni kama ampea 3.3, weka fyuzi ya 5. Mbili za halojeni za wati 55 ni ampea 9 na kitu, hapo weka 15 na waya uendane nayo. Waya upite mbali na shingo ya usukani. Kata usukani kulia na kushoto mpaka mwisho kabla hujafunga zipu za plastiki, uone kama unavutwa.

Mwenye BMW R1200GS asinakili haya. Ile tangu ilipotoka 2004 umeme wake unaongozwa na kompyuta, ukidokoa moto kwenye waya wa taa inaona hitilafu na inaweza kuuzima. Nayo chukua moto betri moja kwa moja, na hata mguu wa 86 utafutiwe sehemu inayoruhusiwa.

Sasa betri. Mkazi, nipe vipimo viwili vya volti: imelala usiku kucha, na injini ikiunguruma kwenye mizunguko 5000.

Mkazi wa Njiro
Fundi, asante sana. Imelala: 12.2. Ikiunguruma: 14.3.

Fundi wa Pasua
Basi chaji ni nzuri na regyuleta, kile kidhibiti cha chaji, iko hai, usinunue. Betri iliyoshiba ikitulia inatakiwa isome 12.6 au zaidi kidogo. Kuna mwizi ndani ya nyumba. Zima ufunguo, fungua ethi ya betri, weka mita kwenye ampea, mguu mmoja wa mita kwenye betri na mwingine kwenye ule waya ulioutoa. Kabla hujapima, hakikisha waya wa mita umeuhamishia kwenye tundu la ampea kubwa. Usiwashe ufunguo mita ikiwa pale, utaunguza fyuzi yake.

Mkazi wa Njiro
Imesoma 0.06. Nimefuata waya mmoja mwembamba, umeishia kwenye kifaa cha GPS chini ya kiti. Aliyeniuzia hakunitajia kabisa.

Fundi wa Pasua
Ndiye huyo. Ampea 0.06 mara saa 72 ni zaidi ya ampea-saa 4. Betri ya hiyo pikipiki ni ya ampea-saa 10. Siku tatu umekula karibu nusu, na starta ya V-Strom haiwaki kwa nusu. Kitoe au utafute chenye kulala pikipiki ikisimama. Chaja ya simu nayo iwe na rilei yake na fyuzi yake, ife ufunguo ukizimwa. Zile zenye kitaa cha bluu kinachowaka muda wote zinakunywa taratibu.

Dada wa Himo
Na shokapu? Hiyo isiachwe, mafuta yakishuka mpaka kwenye pedi breki inakwisha.

Mzee wa Gia
Dada amesema. Kabla ya kununua sili mpya, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, jaribu kuisafisha iliyopo, mara nyingi ni chembe ya mchanga imenasa mdomoni. Inua juu kile kifuniko cha vumbi kwa bisibisi bapa, taratibu, usikwaruze bomba. Chukua kipande cha mkanda wa picha za zamani, kama mnazo bado nyumbani, au plastiki nyembamba ya chupa, ukate kijino kama ndoano. Kipenyeze kati ya sili na bomba, zungusha mduara mzima, utaona kinatoka na uchafu mweusi. Futa, shika breki ya mbele, bonyeza shokapu mara kadhaa, futa tena. Ikirudi kulowana baada ya hapo, sili imekufa, badilisha pande zote mbili na mafuta yake. Na hakuna Natron mpaka iwe kavu.

Swali langu kwa Mkazi: huyo shemeji anapanda nyuma yako au ana chake? Maana hujasema.

Mkazi wa Njiro
Shikamoo mzee. Ana Boxer 150 yake.

Chalii wa Sakina
Ahaaa! Mzazi ungesema mapema! Tumekesha hapa tunakupangia mzigo wa watu wawili.

Dada wa Himo
Basi mjadala umebadilika. Kiti cha abiria kiko wazi, mabegi laini yanakaa mbele zaidi, pale pale unapopataka Mzee. Boxer ina keria ya chuma ya kubeba hata mkungu wa ndizi. Hema na sufuria ziende huko, zikazwe kwa mpira wa tyubu.

Mzee wa Gia
Marahaba. Lakini msimwonee shemeji. Kwenye lile vumbi Boxer ndiyo itakayopita kwa raha kwa sababu ni nyepesi, mkiigeuza punda mtaisukuma wote wawili. Dumu la petroli mliache nyumbani. Jazeni Mto wa Mbu. Tangi la V-Strom linakwenda na kurudi, na Boxer inakunywa kidogo mno.

Upepo wa tairi: kwa mtu mmoja kitabu cha V-Strom kinasema mbele psi 33, nyuma 36. Kwa watu wawili nyuma ni 41, na ukiwa na mzigo wa kweli kwenye lami ya Tanga sogea huko. Nunua geji yako mwenyewe, ya fundi pancha imeshaanguka chini mara nyingi. Spring ya nyuma ina kitasa cha kuzungusha kwa mkono, kaza kidogo mzigo ukishakaa, kisha ndiyo upime ulegevu wa cheni. Si kabla.

Mkazi wa Njiro
Nimeamua mabegi laini na keria nyembamba, lile bomba la nyuma likiwemo. Boksi dogo la nyuma nitalifunga kwa ajili ya Tanga, Natron nalitoa. GPS nimeshaing'oa. Shokapu niliisafisha jana jioni, leo asubuhi bomba ni kavu, nasubiri niizungushe kwanza.

Chalii usinichukie.

Chalii wa Sakina
Sina neno mzazi. Ila nyama utaila ukiwa umekaa juu ya jiwe.

Fundi wa Pasua
Kinga ya ekzosi usisahau. Bati la alumini, kati yake na ekzosi acha nafasi ya vidole viwili, lisimame kwenye keria na lisiguse bomba popote. Ukipita Moshi leta na hizo taa, Jumamosi nipo mpaka saa kumi.