Faili linasema "imerekebishwa". Kipi kilibakizwa?

Wakubwa, shikamooni. Nimepokea rufaa, mama mwenye saratani ya ulimi. Faili: "Upasuaji wa tezi za shingo, imerekebishwa." Basi! Bega la kulia limeshuka, hawezi kujichana nywele. Neva (mshipa wa fahamu) ya bega ilikatwa?

— Marahaba. Upasuaji kamili huondoa tezi za limfu pamoja na msuli wa shingo, vena ya jugula (mshipa mkubwa wa damu shingoni) na neva ya 11, ile ya bega. "Imerekebishwa" ni kubakiza angalau kimoja. Mgawanyo wa Marekani wa aina za upasuaji huu, wa 1991, uliopitiwa 2002, unataka ukitaje.

— Nani anakitaja saa tisa alasiri, kesi ya tatu? Napenda pendekezo la kimataifa la 2011: andika upande, kanda za tezi ulizotoa (kwa namba), kisha ulichokata zaidi. "Kulia, I–V, neva ya 11." Mstari mmoja.

— Mpeleke fizio (tiba ya mazoezi) leo, daktari. Faili litasubiri.