MREJESHO: Mzee mwenye ganzi mikononi, kumbe ligamenti ya shingo imegeuka mfupa

Wakuu, niliuliza kuhusu mzee anayeshindwa kufunga vifungo vya shati na kuyumba akitembea, huku tukiambiwa ni uzee tu. Asanteni sana.

Mmoja wenu aliyesema MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku) pekee haitoshi alikuwa sahihi. MRI ilionyesha ugwe wa mgongo (kamba ya neva ndani ya uti wa mgongo) umebanwa, ila CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) ndiyo iliyotofautisha mfupa na diski (mto laini kati ya pingili): ligamenti (utepe unaounganisha mifupa) inayopita nyuma ya miili ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, imekuwa mfupa, pingili ya 4 hadi ya 6 ya shingo. Daktari alichora mstari kutoka katikati ya mfereji anamopita ugwe kwenye pingili ya 2 hadi katikati yake kwenye ya 7. Mfupa huo mpya haukuuvuka mstari, yaani ugwe ungeweza kusogea nyuma na kuachana nao, hivyo akapasua kwa nyuma na kuutanua mfereji bila kuung'oa mfupa wenyewe. Kupitia mbele kungeweza kuchana utando wa ugwe, maana mara nyingi huwa umeshikana na mfupa huo.

Miezi 6 sasa tangu upasuaji: vifungo anafunga. Kuyumba kumepungua, hakujaisha. Ugwe ulibanwa muda mrefu mno. Bega la kulia lilipoteza nguvu siku ya pili baada ya upasuaji (tatizo la neva ya 5 ya shingo), likarudi taratibu kwa mazoezi. Kukandwa na kuvutwa shingo tuliacha siku ileile mliyotuonya.