Wiki sita kambini au msimu mzima shambani: wapi utajifunza kilimo na useremala?

MchongajiMpya: Wakuu, habari zenu. Nataka kwenda kuishi mahali nijifunze kazi za shamba na kuchonga mbao kwa zana za mkono. Nimebaki na njia mbili. Kuna kambi ya wiki sita, asubuhi shamba, mchana karakana, na walimu wapo. Au nikae kwa mkulima msimu mzima, tangu kutayarisha ardhi hadi mavuno, nifanye kazi nipewe chakula na malazi. Mbao ningechonga pale shamba linapohitaji kitu. Mliopitia haya, nipeni mwanga.

Palizi: Msimu mzima. Maharage yanataka miezi miwili hadi mitatu, mahindi mitatu na kuendelea, kwa hiyo ndani ya wiki sita utaona maua halafu unafunga mizigo. Shamba linafundisha siku unapokutana na ulichokifanya mwenyewe: ulisonganisha mbegu, sasa mimea inanyimana mwanga, ulichelewa kupalilia, magugu yameshakunywa maji yote. Chukua hata mboji. Ukichanganya majani makavu, mabichi na samadi vizuri, lundo linafika nyuzi joto 55 au 60 ndani ya siku chache, unaligeuza, linapata moto tena. Ila kuiva hadi ikafaa kutiwa kwenye matuta ni suala la miezi.

Kinoo: Kwa shamba nakubaliana na Palizi. Kwa mbao, hapana. Useremala wa mkono unaanza na kunoa, na kunoa kunahitaji mtu wa kukusimamia. Makali ya patasi yanataka pembe ya nyuzi 25 hadi 30, mgongo wake ulale bapa juu ya jiwe, unasugua mpaka kidole kihisi chuma chembamba kimejikunja upande wa pili. Mkono ukiyumba kidogo tu makali yanakuwa mviringo, na mwanafunzi peke yake hajui kwa nini patasi haikati. Mkulima ana ng'ombe wa kukamua alfajiri na jioni. Hana nafasi ya kukutazama mkono. Atakukabidhi shoka butu, nalo ni la hatari, maana linateleza badala ya kuzama kwenye mti.

MamaZizi: Ndugu Kinoo, hoja yako ina uzito, lakini karakana inakupa ubao ulionyooka na kukauka tayari. Shambani unaanza na gogo. Unalipasua kwa kabari ukifuata nyuzi zake, unaona mti mbichi unavyochongeka kwa urahisi, kisha unavyosinyaa na kupasuka kuanzia kwenye ncha ukikauka haraka. Ndiyo sababu ncha za magogo hupakwa nta au rangi. Ubao mnene huanikwa kivulini, na maseremala hukadiria karibu mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Halafu kuna mpini wa jembe: ukiuchonga nyuzi zikakatiza, utavunjika mikononi mwako mwenyewe katikati ya tuta. Hapo ndipo utaelewa nyuzi za mti.

MchongajiMpya: Je, nikitafuta mafunzo mafupi ya kunoa kwanza, ndipo niende kwa mkulima?

Kinoo: Hilo naliunga mkono kabisa. Siku chache za kunoa, kupiga randa na kuunganisha mbao kwa ulimi na tundu zinatosha kukuanzisha. MamaZizi amenigusa kwenye magogo, sibishi.

Samadi: Mkuu, kabla hujakubali, muulize mkulima saa za kazi. Katika WWOOF, mtandao unaowaunganisha wageni wa kujitolea na mashamba ya kilimo hai, ulioanzia Uingereza mwaka 1971, kwa kawaida mgeni hufanya kazi saa nne hadi sita kwa siku. Ukiambiwa kumi, hutapata muda wa kushika patasi. Uliza pia kama utaruhusiwa kutumia zana na mbao zao, na nani atakayekuelekeza. Fika kabla ya kupanda, hata kama kipindi hicho kazi ni ngumu. Na kapate chanjo ya pepopunda mapema, kwa sababu utakuwa na vidonda vya mikono na udongo wenye samadi kila siku.