Mishkaki ya mbogamboga: sosi imeungua, bilinganya bado bichi. Nakosea wapi?

MchomajiWaJioni
Wakuu habari, na wakubwa shikamooni.
Nachoma mishkaki jioni hapa Tanga. Joto hili la kaskazi, wateja kadhaa wameniomba ya mbogamboga. Nikachukua bilinganya, hoho na vitunguu, nikaviloweka tangu mchana kwenye sosi ya ukwaju, asali, pilipili na chumvi, kama nifanyavyo nyama. Dakika 3 tu motoni sosi ikawa nyeusi na chungu, bilinganya ndani linatafunika kama sponji. Halafu sosi ina ladha ya bati. Wateja wamekula kwa huruma.

Kibopa_77
Si uwachomee mahindi tu, yaishe 😂

BibiMakaa
Marahaba mjukuu wangu. Mbogamboga hazilowekwi kama nyama. Chumvi inazikamua maji, ukiziweka jikoni zinachemka badala ya kuchomeka. Na asali ni sukari, inawahi kuungua kabla bilinganya halijaanza hata kulainika.

Fanya hivi: paka mafuta na chumvi kidogo dakika ileile unayoweka jikoni. Mkaa usiwe na ndimi za moto, subiri uvae majivu. Choma mpaka bilinganya liingie kijiti bila ubishi. Hapo ndipo upake sosi, geuza, paka tena, dakika 2 au 3, toa. Sosi ni ya mwisho, mjukuu wangu, ya mwisho kabisa.

Na usichanganye mboga kwenye kijiti kimoja. Najua inapendeza macho, lakini hoho huiva mapema na bilinganya linachelewa. Kila mboga na kijiti chake, utachanganya kwenye sahani.

Sufuria_Nyeusi
Hiyo ladha ya bati, nabashiri ulichemshia ukwaju kwenye sufuria ya alumini. Ukwaju una asidi, unaila sufuria. Tumia ya chuma cha pua au chungu cha udongo.

MpembaJikoni
Mimi asali situmii, inawahi mno kuungua na bei yake si ya biashara. Sukari guru ndiyo mpango. Ukwaju wa ngumi moja, maji ya moto kikombe na nusu, kamua, chuja. Tia sukari guru vijiko 4 vya chakula, tangawizi, pilipili, chemsha moto mdogo mpaka ishike mgongo wa kijiko. Onja, kama haikukunji uso kidogo, kamulia ndimu ikishatoka motoni.

BibiMakaa
Sukari guru nayo inaungua, Mpemba. Tusimdanganye kijana.

MpembaJikoni
Inaungua bibi, sikatai. Ndiyo maana nami napaka mwisho.

MchomajiWaJioni
Nimerudi. Jana nilifuata ya bibi na sosi ya Mpemba, nikachemshia kwenye chungu. Bilinganya limetoka laini, limeng'aa, ile rangi ya kahawia. La kwanza nimelila mwenyewe. Hoho zimeisha kabla ya nyama! Kasoro moja: vitunguu vinaachana, vipande vinadondokea kwenye mkaa.

BibiMakaa
Unakata kitako? Usikikate. Menya, pasua kitunguu vipande 4 kutoka juu hadi chini, kila kipande kibaki na kitako chake, ndicho kinachoshika. Na vijiti vya mianzi uwe unaviloweka maji nusu saa, visije vikaungua navyo.