Nimekatwa 10,500 kwa kadi nilizosema zisiprintiwe, hii ni haki gani???

Wadau habari zenu. Hii itakuwa ndefu, mnivumilie, nimejaa hadi kooni na nyumbani wamechoka kunisikiza.

Mimi niko kwa pripresi, yaani kuandaa kazi kabla ichapwe, tangu 1998. Nilianzia Industrial Area, Nairobi, kwa kampuni ya ofseti (kuchapa kwa pleti, yaani bati lililochomwa picha), meza ya taa, wembe, tepu na lenzi ya kukagua vitone vya rangi vinavyounda picha. Kazi ya rangi nne ilikuwa filamu nne, nyeusi inalazwa digrii 45, majenta (waridi kali) 75, sayani (bluu nyepesi) 15, manjano 0, ukizilaza vibaya vitone vinagongana na picha inatoka na mawimbi kama kitambaa cha neti. Unaziba vitundu kwa brashi kimoja kimoja, unapanga kurasa 16 zingine zikiangalia juu zingine chini ndio karatasi ikikunjwa zifuatane, halafu sasa ndio uende kuchoma pleti. Na kulikuwa na sheria moja hakuna mtu alikuwa anaivunja hata mdosi mwenyewe: pleti haichomwi kabla mteja hajaona pruf, ile nakala ya kujaribu, akaweka sahihi. Hiyo pruf ilikuwa ghali, ilikuwa inaweza kula nusu siku, na bado tulikuwa tunangoja.

Baadaye ikaja mashine ya kutoa pleti moja kwa moja kutoka kwa kompyuta, filamu zikaisha, meza za taa zikatolewa nje, watu wakapunguzwa hadi nikafikiwa. Nikapata kazi huku tao kwa duka la dijitali.

Na mjue sikuja huku nikinung'unika. Dijitali ni kitu kizuri. Mtu anataka kadi 50, zamani ungemwambia nini na bei ya pleti nne? Saa hii unamprintia, na kila kadi ina jina la mgeni wake, filamu haingeweza hiyo hata siku moja. Nilijifunza mashine kwa wiki mbili, najua ikipata joto rangi inahama, najua karatasi nzito ukiikunja bila kuipiga mstari kwanza tona (wino wa unga) inapasuka pale kwa mkunjo inaacha alama nyeupe. Hakuna mtu alinifunza hiyo, nilijionea.

Sasa kadi zenyewe. Mwezi uliopita, Alhamisi jioni, ikaingia kazi ya harusi, kadi 300, mbili kwa kila karatasi ya SRA3 (kubwa kidogo kuliko A3), kwa hivyo karatasi 150. Faili imetumwa kwa WhatsApp kama picha, tena mteja ametengenezea kwa simu. Rangi ya harusi ni ile bluu kali inayong'aa. Mtu yeyote amefanya separesheni, kugawa picha kwa zile rangi nne, anajua hiyo bluu ni mtego. Simu inatengeneza rangi kwa taa, nyekundu kijani na bluu, na sisi tunatengeneza kwa sayani, majenta, manjano na nyeusi, kuna bluu za kioo cha simu ambazo karatasi haiwezi kuzifikia kabisa. Ukiacha mashine ijibadilishie yenyewe inakuwekea sayani na majenta karibu sawasawa na hapo unapata zambarau. Dawa yake ni kushusha majenta, iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 hivi, ni kazi ya dakika tano.

Nikamwambia bosi, kijana mdogo lakini ni bosi, namheshimu, nikamwambia hii itatoka zambarau, nipe dakika tano nirekebishe, nitoe karatasi moja, tumwite bibi harusi aone. Akaniambia "Mzee, hapa ni dijitali, hizo mambo za pruf mliwacha huko kwa ofseti. Mteja anangoja. Wewe bonyeza tu." Nikarudia mara ya pili kwa WhatsApp ndio iandikwe. Akajibu neno moja, PRINT.

Zikatoka zambarau. Yule dada alilia pale kaunta, na alikuwa na haki ya kulia, vitambaa vya wasimamizi vishanunuliwa bluu. Zikarudiwa bure. Mwisho wa mwezi naangalia mshahara, pungufu 10,500. Nauliza, naambiwa "uharibifu wa opareta". Karatasi 150 mara 70. Na hiyo 70 ndio bei ANAUZIA MTEJA!! Yaani amenikata mpaka faida yake.

Kitu inaniuma kushinda hata pesa ni hii. Wakati pruf ilikuwa ghali tulikuwa tunaifanya. Saa hii pruf ni karatasi moja, mashine ile ile, tona ile ile, karatasi ile ile itatumika kwa kazi yote, dakika mbili, ukweli mtupu kuliko pruf yoyote nilishika kwa miaka yangu yote, na ndio wameamua haina maana. Kwani macho ya mtu yanaacha kufanya kazi juu mashine imebadilika?

Nimesoma Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Mimi nimekataa mara mbili, moja iko kwa maandishi, makusudi yangu iko wapi hapo?

Leo asubuhi imeingia harusi ingine, kadi 500, bluu ile ile. Nimeshusha majenta, nimetoa karatasi moja nimeiweka kaunta na kalamu, nikasema mteja akuje aweke sahihi, bila hiyo sibonyezi. Bosi amenuna hatuongei.

Jumatatu naenda ofisi ya leba. Niko na payslip, ile meseji, na kadi mbili, moja zambarau moja bluu. Kuna mtu hapa ameshaenda huko kwa mambo ya makato? Nibebe nini ingine, na ilichukua muda gani mpaka ukarudishiwa?